Kilichobaki Baada ya Richard Leakey: Sheria, Ahadi na Utumishi wa Umma nchini Kenya

Utangulizi

Richard Leakey alifariki dunia nchini Kenya tarehe 2 Januari 2022, akiwa na umri wa miaka 77. Vyombo vingi vya habari vya ulimwengu vilimwomboleza kama mtafiti wa mabaki ya binadamu wa kale, mwana wa Louis na Mary Leakey. Insha hii haishughulikii mafuvu. Inashughulikia upande wa pili wa maisha yake, yaani utumishi wa umma na siasa: miaka aliyoongoza uhifadhi wa wanyamapori, miaka aliyokuwa katika upinzani, na miezi 20 aliyokuwa Mkuu wa Utumishi wa Umma chini ya Rais yule yule aliyekuwa amempinga.

Maisha hayo yamesimuliwa mara nyingi kama hadithi ya shujaa. Wanaomsifu husema kuwa bila yeye Kenya isingekuwa na ndovu. Wanaomlaumu husema alikuwa mtu wa amri aliyewapenda wanyama kuliko watu waliokaa nao. Makundi yote mawili yanamtazama mtu. Mwanafunzi wa historia anapaswa kuuliza swali jingine: katika mambo aliyoyaanzisha, ni yapi yaliyobaki alipoondoka ofisini, na kwa nini yalibaki hayo na si mengine? Hoja ya insha hii ni kwamba yaliyobaki ni yale yaliyoandikwa katika sheria au mkataba na kupewa fedha na mamlaka ya kuyatekeleza. Yaliyotegemea neno lake, au neno la Rais aliyemteua, yaliondoka naye.

Njia ya kuifikia ofisi

Leakey alizaliwa Nairobi tarehe 19 Desemba 1944. Hakuwahi kupata shahada ya chuo kikuu kwa kusoma darasani. Alipokuwa kijana aliacha shule na kujitafutia riziki kwa kuwaongoza watalii porini. Mwaka 1968, akiwa bado na umri wa miaka 23, alichukua uongozi wa kiutawala wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, na akaendelea kuwa mkuu wa taasisi hiyo hadi 1989.

Miaka hiyo ya makumbusho ni muhimu kwa hoja yetu kwa sababu ndiyo iliyomfunza kazi ya kuendesha taasisi. Alijifunza kutafuta fedha nje ya nchi, kuzungumza na mabalozi, na kuchagua watu wenye ujuzi. Uvumbuzi mkubwa unaotajwa kwa jina lake ulikuwa kazi ya kikosi. Mifupa ya mvulana aliyepatikana magharibi mwa Ziwa Turkana mwaka 1984, kwa mfano, iligunduliwa kwanza na Kamoya Kimeu, Mkenya aliyekuwa mtafutaji hodari kuliko wote katika fani hiyo. Leakey alijua kuwakusanya watu wa aina hiyo na kuwapa nafasi ya kufanya kazi.

Katika miaka hiyo hiyo, uhifadhi wa wanyamapori nchini Kenya ulikuwa unadidimia. Mwaka 1976 serikali iliunganisha shirika la hifadhi za taifa na idara ya wanyamapori kuwa idara moja chini ya wizara. Mwaka 1977 uwindaji ulipigwa marufuku kisheria. Hata hivyo, ndovu wa Kenya, ambao mwanzoni mwa miaka ya 1970 walikuwa zaidi ya laki moja, walipungua hadi takriban 16,000 kufikia mwaka 1989. Kwa Afrika nzima, idadi yao ilishuka katika mwongo mmoja kutoka takriban milioni 1.3 hadi karibu laki sita.

Hapa tunapata onyo la mapema kwa hoja yetu yenyewe. Sheria ya kukataza uwindaji ilikuwepo, lakini ndovu waliendelea kufa. Idara iliyopaswa kuisimamia ilikuwa haina fedha zake, kwa kuwa mapato ya malango ya hifadhi yalikwenda hazina kuu na kurudi kidogo. Magari yalikuwa yameharibika. Askari walibeba bunduki za zamani mbele ya majangili wenye silaha za kisasa za kivita. Zaidi ya hayo, baadhi ya watumishi walishukiwa kushirikiana na majangili hao. Ni wazi basi kwamba sheria peke yake haitoshi.

Moto wa 1989 na kuzaliwa kwa KWS

Mwezi Aprili 1989 Rais Daniel arap Moi alimteua Leakey kuongoza idara ya wanyamapori. Mwaka huo watalii kadhaa waliuawa hifadhini, na mwezi Agosti George Adamson, mzee aliyejulikana duniani kwa kuishi na simba, aliuawa kwa risasi huko Kora. Utalii ulikuwa chanzo kikuu cha fedha za kigeni, kwa hiyo ujangili ulikuwa umekuwa suala la uchumi na usalama wa nchi.

Mwezi Julai 1989, katika Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, Rais Moi aliwasha moto rundo la tani 12 za pembe za ndovu. Wengi walishangaa. Pembe hizo zilikuwa na thamani ya takriban dola milioni 3, na nchi maskini ilikuwa inazichoma. Lakini moto ule ulilenga soko. Mnunuzi wa pembe alikuwa Ulaya, Marekani na Asia, na askari wa Tsavo hawezi kumkamata mnunuzi aliye Tokyo. Picha za moto huo zilimfikia mnunuzi nyumbani kwake na kumwonyesha kuwa pembe ni mabaki ya mnyama aliyeuawa.

Ni lazima pia tutaje kuwa Kenya haikuwa peke yake. Tanzania ilikuwa imeanza Operesheni Uhai dhidi ya majangili mwaka huo huo, na ilikuwa mstari wa mbele kupendekeza biashara ya pembe isimamishwe duniani. Mwezi Oktoba 1989, huko Lausanne, Uswisi, nchi wanachama wa mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini ziliamua kumweka ndovu wa Afrika katika Kiambatisho cha Kwanza, yaani kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya pembe zake. Zimbabwe na nchi nyingine za kusini mwa Afrika zilipinga, zikisema ndovu wao walikuwa wengi na walitunzwa vizuri. Ubishi huo haujaisha hadi leo, lakini uamuzi wenyewe umedumu.

Nyumbani Kenya, hatua kubwa zaidi haikuwa na picha za kuvutia. Bunge lilirekebisha sheria ya wanyamapori, na mwezi Januari 1990 likaanza kazi Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya, KWS. Tofauti kati ya idara na shirika yaweza kuonekana ndogo, lakini ndiyo kiini cha mambo. Shirika lilikuwa na bodi yake, lilibaki na mapato ya malango yake, liliajiri na kufukuza watumishi wake, na liliweza kupokea mikopo na misaada moja kwa moja. Leakey aliwaondoa watumishi wengi, akainua mishahara ya waliobaki, akanunua magari, ndege na silaha. Benki ya Dunia na wafadhili wengine walikubali kutoa mamilioni ya dola.

Kazi hiyo ilikuwa na upande wenye giza. Askari waliruhusiwa, kwa amri iliyotoka kwa Rais mwenyewe, kuwapiga risasi majangili wenye silaha wanapokutana nao hifadhini. Majangili wengi waliuawa bila kufika mahakamani. Watetezi wa hatua hiyo husema kuwa ilikuwa vita na askari nao waliuawa. Jibu hilo lina uzito, lakini halimalizi suala, kwa sababu aliyekufa porini hawezi tena kueleza kama alikuwa jangili au mchungaji aliyefuata ng'ombe wake.

Ahadi ya robo

Wanyamapori wengi wa Kenya huishi nje ya hifadhi, katika ardhi ya wafugaji na wakulima. Mmasai wa Kajiado au mkulima wa Laikipia hulisha pundamilia wa taifa kwa majani yake mwenyewe, na usiku mmoja ndovu huweza kumaliza shamba la mahindi la mwaka mzima. Leakey alilijua hilo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 alitangaza kwamba KWS ingetoa asilimia 25 ya mapato ya malango kwa jamii zinazopakana na hifadhi.

Wahenga walisema ahadi ni deni. Deni hili halikulipwa kama lilivyotangazwa. Shirika lilikuwa na matumizi makubwa, mapato hayakutosha, na kiasi kilichotolewa kilikuwa chini sana ya robo. Jambo la kuzingatia ni kwamba robo hiyo haikuandikwa katika sheria. Ilikuwa sera ya mkurugenzi, na jamii ambayo haikulipwa haikuwa na kifungu cha kwenda nacho mahakamani.

Hapa yafaa tulinganishe na Uganda, ambako insha hii inaandikwa. Mwaka 1996 Uganda nayo iliunganisha hifadhi za taifa na idara ya wanyamapori ikaunda Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda, UWA. Sheria ya mwaka huo iliagiza kwamba asilimia 20 ya viingilio vya hifadhi zipewe serikali za mitaa zinazopakana nazo. Mpango wa Uganda una kasoro zake: asilimia hiyo ni ya viingilio tu, si ya mapato yote ya hifadhi, na wanakijiji hulalamika kuwa fedha huchelewa ofisini kabla ya kuwafikia. Lakini mwanakijiji wa Uganda analalamika akiwa na sheria mkononi. Asilimia yake ni ndogo kuliko ya Leakey, ila imeendelea kuwepo, na sheria mpya ya 2019 haikuiondoa.

Ahadi isiyotimizwa iliwapa maadui wa Leakey silaha. Tarehe 2 Juni 1993 ndege aliyokuwa akiirusha ilianguka, na hatimaye miguu yake yote miwili ikakatwa chini ya magoti. Alirudi kazini baada ya miezi michache, akitembea kwa miguu ya bandia. Lakini wanasiasa wenye nguvu, wakiwemo Waziri wa Utalii na Wanyamapori Noah Katana Ngala na Waziri William ole Ntimama, walikuwa wakimshutumu kwa kiburi, kwa matumizi mabaya ya fedha na kwa kupuuza wananchi. Mwezi Januari 1994 alitangaza kujiuzulu. Katika shutuma hizo palikuwa na uhasama wa watu waliotaka kuingiza mikono katika fedha na ardhi ya shirika. Lakini palikuwa pia na malalamiko ya kweli ya wananchi. Wanasiasa wasingeweza kuyatumia kama yasingekuwepo.

Aliyemfuata, David Western, alisisitiza uhifadhi nje ya mipaka ya hifadhi na ushirikiano na wenye ardhi. Tofauti zao zimeandikwa sana. Kwa hoja yetu, inatosha kusema kuwa Western naye aliondolewa mwaka 1998 kwa uamuzi wa Rais, na aliyerudishwa mahali pake ni Leakey. Sheria ilikuwa imelilinda shirika, lakini haikumlinda mkurugenzi.

Kutoka ofisini hadi jukwaani

Mwaka 1995 Leakey, pamoja na wakili Paul Muite na wenzao, walianzisha chama kilichoitwa Safina. Wasomaji wa Kiswahili hawahitaji kuelezwa jina hilo lilivyokusudiwa: chombo cha kuokoka katika gharika. Vyama vingi vilikuwa vimeruhusiwa tangu mwisho wa 1991, lakini chama kipya kilihitaji kuandikishwa na msajili, na msajili alikaa kimya kwa zaidi ya miaka miwili.

Mashambulizi yalianza mara moja. Rais Moi alimwita mkoloni mamboleo na mtu asiyemcha Mungu. Mwezi Agosti 1995 Leakey na wenzake walipokwenda Nakuru, ambako mwanasiasa Koigi wa Wamwere alikuwa akishikiliwa na kushtakiwa, walivamiwa na kundi la watu na kupigwa viboko. Mtu aliyekuwa amepokea heshima za dunia kwa niaba ya serikali alipigwa hadharani kwa kuipinga.

Suala la rangi halikwepeki hapa. Je, Mkenya mweupe, mjukuu wa mmisionari, alikuwa na haki ya kugombea uongozi katika nchi iliyopigania uhuru kutoka kwa Wazungu? Kisheria jibu ni rahisi, kwani alikuwa raia. Zaidi ya hayo, ndugu yake Philip alikuwa amechaguliwa mbunge wa Langata mwaka 1979 na kuhudumu chini ya serikali hiyo hiyo. Rangi ya Philip haikuwa tatizo kwa sababu alikuwa upande wa chama tawala. Kwa hiyo rangi ya Richard ilikuwa hoja iliyotolewa kabatini ilipohitajika.

Safina iliandikishwa mwezi Novemba 1997, wiki chache kabla ya uchaguzi wa Desemba. Ilipata viti vichache, na Leakey akaingia Bungeni kama mbunge wa kuteuliwa. Hakukaa sana. Mwezi Septemba 1998 Rais Moi alimwita arudi KWS, naye akakubali na kuacha kiti chake. Wengi katika upinzani walihuzunika. Waliona kuwa nahodha ameiacha safina na kupanda meli ya mfalme.

Miezi ishirini karibu na Rais

Mwezi Julai 1999 Moi alimpandisha Leakey hadi cheo cha Katibu wa Baraza la Mawaziri na Mkuu wa Utumishi wa Umma. Sababu haikuwa mapatano ya moyo. Shirika la Fedha la Kimataifa lilikuwa limesimamisha mikopo mwaka 1997 kwa sababu ya ufisadi, na serikali ilihitaji sura ambayo wafadhili wangeiamini. Pamoja na Leakey walikuja wataalamu kutoka mabenki, makampuni na mashirika ya kimataifa, miongoni mwao Martin Oduor-Otieno katika Hazina na Titus Naikuni. Magazeti yalikiita kikosi hicho timu ya ndoto.

Wizara zilipunguzwa kutoka 27 hadi 15. Maelfu ya watumishi wa ngazi za chini walipunguzwa kazi, hatua iliyowaumiza wengi ambao hawakuwa wameiba chochote. Mwezi Julai 2000 Shirika la Fedha la Kimataifa likakubali kukopesha tena. Lakini kikosi hicho kilisimama juu ya msingi mwembamba. Sehemu ya mishahara yao ililipwa na wafadhili, jambo lililozua wivu. Mamlaka yao yote yalitoka kwa mtu mmoja. Nguo ya kuazima haisitiri maungo: mwenyewe akiitaka, unabaki wazi.

Desemba 2000 Mahakama Kuu iliamua kuwa mamlaka ya kupambana na ufisadi, iliyokuwa nguzo ya mageuzi hayo, ilikwenda kinyume na katiba. Mikopo ikakwama tena. Machi 2001 Leakey aliondoka, na wenzake wengi wa kikosi hicho wakaondolewa. Kwa hiyo, hata kitu kilichowekwa kisheria chaweza kuanguka ikiwa sheria yake haikuegemea katiba. Kenya ilipotunga sheria mpya ya kupambana na ufisadi mwaka 2003, na kisha katiba mpya mwaka 2010 iliyoagiza kuwepo kwa tume huru ya maadili na kupambana na ufisadi, ilikuwa inajibu, pamoja na mengine, somo la Desemba 2000.

Kurudi mara ya mwisho

Mwaka 2015, ujangili ulipokuwa umepanda tena, Rais Uhuru Kenyatta alimteua Leakey kuwa mwenyekiti wa bodi ya KWS. Aprili 2016 Kenya ilichoma tani 105 za pembe za ndovu, karibu mara tisa ya zile za 1989. Kwa juu juu ilionekana kana kwamba historia inajirudia. Lakini safari hii shirika lilikuwepo, na sheria mpya ya wanyamapori ya 2013 ilikuwa imeweka adhabu kali na kutaja fidia kwa wanaouawa au kujeruhiwa na wanyama. Fidia hiyo imekuwa ikicheleweshwa sana. Tena tunaona kuwa kifungu kisicho na fedha ni nusu ya kazi.

Katika kipindi hicho bodi yake ilikubali reli mpya ya kisasa ipite juu ya Hifadhi ya Taifa ya Nairobi kwa daraja la takriban kilomita 6. Wanaharakati walimlaumu. Yeye alitetea daraja kama njia yenye madhara madogo kuliko nyingine. Iwe alikuwa sahihi au la, tukio hilo linaonyesha umbali kati ya bodi na Ikulu: mradi ulikuwa wa Rais, na aliyemteua mwenyekiti wa bodi ni Rais.

Hitimisho

Tukiyaweka matokeo kwenye mizani, upande mmoja tunaona marufuku ya CITES, shirika la KWS lenye mapato yake, na ndovu wa Kenya waliofikia 36,280 katika hesabu ya mwaka 2021. Upande wa pili tunaona robo isiyolipwa, timu ya ndoto iliyotawanyika, na mkurugenzi aliyejiuzulu, akaitwa, akapandishwa na kuondoka kwa pumzi ya mtu mmoja. Uhodari wa Leakey ulikuwa ule ule katika pande zote mbili. Kilichotofautiana ni chombo alichoumwagia uhodari huo.

Somo hili halihusu Kenya pekee. Katika nchi zetu za Afrika Mashariki bado tuna mazoea ya kungojea mtu mkali ateuliwe ili aisafishe ofisi. Tunamshangilia anapofukuza wezi, na hatuulizi ameandika nini kitakachomfunga yule atakayekuja baada yake. Leakey alikuwa mkali kuliko wengi, na alipata nafasi ambazo wachache hupata: aliitwa mara tatu na Rais mmoja, na mara ya nne na mwingine. Ikiwa hata yeye hakuweza kuiokoa ahadi ambayo haikuandikwa, basi mtumishi wa umma anayetaka kazi yake idumu aanze na swali ambalo mkulima aliyepoteza mahindi yake angemuuliza: hayo unayoniahidi leo, nitayadai kwa kifungu gani kesho, utakapokuwa umeondoka?